Gramu Kumi na Mbili

"Nzito. Nimesema beba nzito," mke alirudia, akalisukuma boksi mezani hadi likagusa kiwiko cha mumewe.

"Na mimi nimesema nyepesi. Umekuwa redio?"

Walikuwa wamesimama kwenye stoo ya klabu ya shabaha. Kati yao yalikuwa maboksi mawili ya risasi ambazo mke alizijaza baruti mwenyewe, moja moja, jicho kwenye mizani. Za boksi la kushoto zilikuwa na vichwa vya gramu kumi. Za kulia, gramu kumi na mbili. Nje, wapigaji walishaanza kutandika mikeka yao kwenye mstari. Shabaha zilikuwa mita mia tisa mbele, na timu ya taifa ilikuwa imebakiza nafasi moja tu, ya mshindi wa siku hiyo.

"Upepo utaamka," mke alisema. "Hizo nyepesi zitasukumwa kama karatasi."

"Nyepesi inakimbia. Inafika wakati upepo bado unapiga miayo. Hiyo yako inaporomoka kama gunia." Mume aligeukia mlangoni. "Shemeji, mkumbushe dada yako bingwa humu ni nani."

Mdogo wa mke, aliyekalia kreti pale mlangoni, aliangalia kucha zake. Tangu Jumatano hakuwa na neno la kumpa shemeji huyu. Siku hiyo dada yake alifungua droo ya mumewe kutafuta bisibisi, akakuta fomu yake mwenyewe ya kuomba kuingia timu, ya miaka mitatu nyuma. Imejazwa, imesainiwa, imekunjwa mara nne. Mume ndiye aliyejitolea kuipeleka kwa kamati. Nafasi ile akaichukua yeye, na mke akabaki kumjazia risasi huku akiamini kwamba hakutosha.

Dada hakulia. Alisema tu, "Nitamlipa palepale panapomuuma," akarudi kwenye mizani yake.

Sasa alikuwa ameushika mkono wa mumewe. "Baba watoto, safari hii nisikilize. Mtutu wako unaipenda nzito. Nimepima, najua."

"Wewe unapima, mimi napiga." Mume alicheka, akautoa mkono. "Miaka kumi na minane unanifundisha kazi yangu. Ningekusikiliza, leo ningekuwa nashona viraka."

Akanyakua boksi la kushoto, akalitikisa karibu na sikio la mkewe kama anayembembeleza mtoto, akatoka.

Mdogo mtu alisubiri hatua zifike mbali, kisha akaurudisha mlango.

"Imekula kwetu, dada. Amekataa sumu."

Mke alikuwa dirishani. Bendera za uwanjani, zilizokuwa zimelala kwenye milingoti tangu alfajiri, zilianza kujinyoosha. Moja, halafu ya pili, halafu zote, zikielekea upande mmoja.

"Sumu gani?"

"Si hizo nzito? Ulivyomng'ang'ania vile, nilijua ndio mtego."

"Hizi ndizo risasi bora nilizowahi kujaza maishani mwangu," mke alisema, akiiteremsha bunduki yake kutoka ukutani. "Ningemwambia abebe nyepesi, angebeba hizi."

Akalitia boksi la kulia kwapani, akaenda moja kwa moja hadi meza ya usajili, akamwambia karani amwandike kwenye mkeka ulio jirani na wa mumewe.