Mpira Unaoita Kiakie

Sheria ya michezo ya vijiji inataka mpira wa mchezaji asiyeona uite kwa lugha ya kwao. Mimi, Mwakie pekee kwenye timu yetu, niliusubiri wangu misimu miwili. Jumamosi ukafika, Kocha Mdoe akauweka miguuni pangu.

"Haya Lendoya, piga!"

Nikapiga. Mpira ukaondoka ukiita kwa Kiakie, "Njoo mwanangu, niko hapa."

Ilikuwa sauti ya mama, tuliyemzika miaka sita iliyopita.

"Kocha, huyu ni mama yangu!"

"Wataalamu walitafuta kote, sauti ya Kiakie iliyopata kurekodiwa ni hiyo tu," akasema. "Nilidhani utafurahi."

Nifurahi! Kwetu kumpiga mzazi teke ni laana isiyosafishwa hata kwa asali. Wenzangu hawakuelewa maneno yale. Wakapasiana, wakapiga mashuti, na kila teke mama akaniita kwa upole uleule wa nilipokuwa najifunza kutembea. Watu wakashangilia. Nikaifuata sauti, nikaudaka mpira kwa mikono, nikaondoka nao hadi nyumbani.

Nikamsimulia mke wangu Nolari.

"Mama mkwe sikumkuta," akasema. "Hebu nimsikie."

Nikaupakata mpira, nikaupapasa, nikaubembeleza. Kimya. Umeundwa uite ukipigwa teke tu.

"Basi uguse kidogo kwa mguu, Baba Sinyati. Kidogo tu."

Nikauweka sakafuni. Nikavua viatu.