Namba ya Pua ya Bi Tunu

Hemedi hakuwa na mke, hakuwa na msaidizi, wala hakuwahi kunusa chochote tangu azaliwe. Alikuwa karani wa madai ya bima hospitalini, na asubuhi hiyo alishindwa kuchagua namba ya matibabu ya kujazia bima kwenye faili lililokuwa mezani. Pua iliyovunjika ilinyooshwa kwa mkono tu, au ilipasuliwa? Daktari hakuandika.

Mwanamke mwenye bendeji usoni alisimama dirishani. "Faili hilo ni langu, baba. Mimi Tunu. Walinipasua."

"Kila mgonjwa husema hivyo, mama."

Akafunua bendeji. Mshono ulishuka toka kwenye paji hadi mdomoni, mkavu kabisa.

"Bima wakikataa, sitatoka hapa. Wanangu wananingoja getini tangu jana."

Hemedi akaandika namba ya upasuaji. Alipofungua ukurasa wa mwisho agonge mhuri, alisoma: mgonjwa alifariki jana, mwili usitolewe mochwari hadi bima ikubali.

Dirishani hapakuwa na mtu. Kitu baridi, harufu ya kwanza maishani mwake, kilimpanda puani.

Tarishi aliingia, akasita. "Nani kaleta kafuri ya maiti humu, mzee?"

Hemedi aligonga mhuri, akatia madai kwenye bahasha ya bima. Alilamba gundi ya bahasha, akaifunga, akamkabidhi. Tarishi alipotoka, harufu ile ikaondoka naye kuelekea getini.