Mbuzi wa Marehemu Mama

Shomari alifika na kamba begani na fungu la majani mabichi kwapani. Tangazo alilolisoma mtandaoni halikuwa na picha: "Nauza mbuzi wa marehemu mama. Meno bado makali."

Hidaya, mwenye tangazo, akamtolea mbuzi ya kukunia nazi.

Shomari alisonya. "Dada, nimevuka mto kufuata kibao?"

"Nisamehe, kaka. Nilitaka kuandika mbuzi ya mama, nikaandika wa mama."

Shomari akapitisha kidole kwenye yale meno ya chuma. Kikatoka na chembe za nazi zilizoganda, za njano, zinanuka. Akakifuta ukutani, uso umemkunjamana.

"Kinyaa gani hiki! Unauza kitu cha marehemu, hata kukiosha hukukiosha?" Akayabwaga majani mbele ya ile mbuzi. "Haya, mlishe!"

Akaondoka.

Hidaya alizitazama zile chembe. Zilikuwa za nazi ya mwisho aliyoikuna mama. Akajionea kinyaa yeye mwenyewe, kwa kutaka kuiuza.

Simu ikalia. Mteja mwingine ameandika: "Mbuzi bado yupo?"

"Yupo," akajibu, "lakini hauzwi."

Kisha akainama, akayasogeza majani karibu na yale meno.