Mteja wa Nyumba ya Mwisho

Funguo zilimponyoka dalali mara mbili kabla mlango haujafunguka.

"Pole, baba," alisema bibi aliyekuja kuiona nyumba. "Au ndiyo kwanza umeanza kazi?"

"Nina miaka kumi na miwili kazini, mama."

Nyumba tisa alishaziuza katika kitongoji hiki, na maneno yake ya biashara aliyajua kama jina lake: dakika arobaini tu kutoka mjini, njia zote zina kivuli, majirani wastaarabu, unaamshwa na ndege badala ya honi. Leo hakuyatumia hata moja.

Bibi hakungoja kuonyeshwa. Alipita sebuleni moja kwa moja hadi jikoni, akalisukuma juu kidogo lile dirisha gumu, likafunguka. Akavuta hewa ya bustanini.

"Hapa ndipo pa kuzeekea," alisema. "Ubaya wake nini? Usinifiche."

"Majirani wako mbali. Mwenyewe ameanguka uani mara mbili, hakuna aliyemsikia."

"Maskini! Sasa anahamia wapi?"

"Mjini. Wanawe wamempatia chumba kwenye nyumba ya kutunzia wazee."

"Amekubali?"

Dalali akajifanya anakagua bawaba za mlango. "Wamekubali kwa niaba yake."

"Wana roho ngumu hao. Kumng'oa mtu kwenye kivuli chote hiki! Wewe ungemfanyia mama yako hivyo?"

Bado angeweza kuziacha karatasi za mauzo mkobani, akampigia wakili simu kwamba biashara imevunjika. Mkono ukaenda mfukoni, ukaigusa simu, ukatoka mtupu.

"Umeipenda, mama?"

"Nimeipenda mno. Lete karatasi kabla hajaja mwingine akanizidi mbio."

Akazitandaza juu ya meza ya jikoni, akamwonyesha mstari bila kumtazama usoni. Bibi aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, kwa mwandiko mzuri wa kialimu, huku akitabasamu.

"Basi nitahamia lini?"

"Kesho asubuhi, mama. Nitakuja na gari mwenyewe."

"Mungu akubariki. Kijana mwenye adabu kama wewe, aliyekuzaa ana raha."

Dalali alizikunja karatasi, ambazo bibi ametia saini upande wa muuzaji, si wa mnunuzi. Kisha akamshika mkono bibi, mama yake mzazi aliyekwisha kumsahau, akamtoa nje ya nyumba alimomlea.