Mpima Maji Mezani

"Uongo!"

Kalamu zote zilisimama. Waziri wa nchi ya juu, yenye bwawa, alikuwa ametoka tu kusema kwamba ukame ndio uliokausha mto, wala hakuna aliyewanyima majirani wa chini hata tone. Upande wa pili wa meza, wajumbe wa nchi ya chini waligeukia mlango.

Alisimama hapo mwanamke wa makamo, viatu vimeganda tope, daftari kwapani.

"Nani amekuruhusu kuingia?" waziri alifoka.

"Mlinzi. Ameona kitambulisho changu, akasema pita, mama."

"Mwacheni mama aseme," alidakia kiongozi wa wajumbe wa chini. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu asubuhi.

Mwanamke alilitandaza daftari mezani.

"Miaka kumi na tisa napima maji ya mto huu, asubuhi na jioni, mvua au jua. Ukame naujua. Ukame hushusha mto polepole, leo kidole, kesho kidole. Tarehe nane mto ulishuka mita moja na nusu kati ya chai na chakula cha mchana. Mheshimiwa, huo si ukame. Huo ni mkono wa mtu kwenye lango la bwawa."

"Umepima wapi?"

"Hatua mia mbili chini ya lango."

"Kumbe mmetuwekea wapelelezi!" Waziri aliwageukia wajumbe wa chini. Wao wakatazamana, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyemleta.

"Jumapili nilishuka nikafuata mto kwa miguu," mwanamke aliendelea. "Samaki wanapapatika topeni. Kina mama wanafukua mchanga kwa sufuria, wapate funda la kumpa mtoto. Mahindi yamekauka yakiwa yamefika magotini. Halafu mtu aniambie ni ukame?"

Waziri aliinamia meza, sauti imeshuka. "Nitamwandikia bosi wako. Leo hii. Ujue huna kazi."

"Andika. Barua yenyewe haitasafiri mbali."

Mwanamke alilowesha kidole, akafunua ukurasa. "Tarehe tisa, asubuhi," akasoma. Akasoma na ya kumi, na ya kumi na moja, mpaka mstari wa mwisho.

Wajumbe wa nchi ya chini walisimama wakapiga makofi. Kiongozi wao, machozi yakimlengalenga, akamvutia kiti kando yake.

"Njoo, mama, kaa na wenzako. Nchi yetu inajivunia wewe."

"Ahsante, ndugu yangu."

Lakini hakukaa. Alilifunga daftari, akaizunguka meza yote taratibu, akavuta kiti kilichokuwa wazi ubavuni mwa waziri.

"Sogea kidogo, mheshimiwa," alisema. "Mimi ni mpima maji wa wizara yako."