Ng'ombe wa Kipyego

Niligeuza karatasi mara ya tatu. Maswali ya ufahamu wa Kiingereza yalikuwepo, yakinuka wino mbichi. La kwanza liliuliza kwa nini mzee alilia. Hadithi ya huyo mzee ndiyo haikuwepo.

Kidato cha Pili kizima kiliinama katika baridi ya Eldoret, kikiandika kwa unyenyekevu wa kanisani. Kipyego, wa kwanza darasani tangu tufike, alikuwa ameshajaza ukurasa.

Mwalimu mkuu alikuwa ameniapia: mzaha mmoja zaidi, nifungashe sanduku nirudi kwetu Turbo. Nilitafakari sanduku. Kisha nikainua mkono.

"Madam, hadithi yenyewe iko wapi?"

Darasa likaangua kicheko.

"Ameanza!" mtu akasema nyuma. "Huyu leo analala kwao."

Madam hakucheka. Alifungua droo, akatoa rundo la karatasi zenye hadithi, akaniwekea moja mezani kama anayenipa komunio. Kisha akaenda kwa Kipyego, akafuata jibu lake kwa kidole chenye chaki.

"Mzee alilia kwa sababu ng'ombe wake alikufa," akasoma taratibu. "Vizuri. Sasa, Kipyego, huyo ng'ombe umemtoa wapi?"