Miiba ya Nungunungu Yatoa Ushahidi

Enzi wanyama walipocheza mpira wa gongo, mchezo ambao mpigaji hukimbia kituo hadi kituo huku wapinzani wakiuokota mpira, sheria ya kugongana ilikuwa moja tu: anayeokota mpira apishwe, asiyeokota ampishe mkimbiaji. Mwamuzi alikuwa Kanga, mwoga wa makelele lakini mpenda haki.

Siku ya fainali Ngiri aliupiga mpira, akatimua mbio kuelekea kituo cha mwisho. Njiani alikuwepo Nungunungu wa timu pinzani, hodari wa kujifanya kaonewa. Vumbi likatimka, wote wawili wakawa chini, na Kanga hakuona kitu.

"Kanizibia njia," alilalamika Ngiri, pua imejaa miiba.

"Mwongo huyo, Bi Kanga," alisema Nungunungu, mpira mkononi. "Nilikuwa nimeinama naokota mpira, akanivaa. Ushahidi si huo puani kwake?"

Mashabiki wa Nungunungu wakashangilia. Kanga akamsogelea Nungunungu. "Hebu inama tena, mwanangu, uokote vilevile."

Nungunungu akauweka mpira chini, akainama kwa madaha. Miiba yake yote ikalala mgongoni kama nywele zilizochanwa.

"Sasa nimeona," alisema Kanga. "Ukiinama kuokota, miiba yako hulala. Iliyomchoma Ngiri ilikuwa imesimama, na wewe huisimamishi ila unapomngojea mtu. Ngiri ahesabiwe amefika."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nungunungu akaamriwa aing'oe miiba yake puani mwa Ngiri, mmoja mmoja, na kila akiung'oa apapulize taratibu mpaka Ngiri aseme basi. Ngiri hakuwa na haraka ya kusema.